Matairi ya Mabeleshi

Nyumbani kwetu Kamenu upepo ulikuwa na ratiba. Asubuhi ulitoka upande wa mashamba ya mananasi, mtamu kidogo, na mama akafungua dirisha. Ikifika saa nne uligeuka, ukatoka kwenye kiwanda cha ngozi kilichokuwa nyuma yetu, na mama akalifunga. Harufu ile siwezi kuisema vizuri hata sasa. Haikuwa ya kitu kilichokufa tu, bali ya kitu kilichokufa kisha kikakatazwa kuoza: chokaa, manyoya ya ng'ombe, mafuta, na maji ya kijani yaliyopita mtaroni hatua chache kutoka mlangoni. Iliingia kwenye unga. Iliingia kwenye mashuka yaliyoanikwa. Iliingia kwenye kifua cha mama na haikutoka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo kikuu, na miaka hiyo ya tisini kungoja kulikuwa kazi kamili. Kwa hiyo nilishinda kwenye banda la baba, mbele ya nyumba. Baba alikuwa fundi wa matairi. Aliziba, alipika mpira mpya juu ya tairi lililokwisha, alichonga njia za maji kwa kisu cha moto. Mimi aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mamake, na kwa sababu hiyo hakunigombeza bila kwanza kushusha sauti.

Alikuwa na desturi moja iliyojulikana barabara nzima. Tairi halikukabidhiwa mwenyewe kabla ya kupelekwa mtoni. Baba alilifunga kwenye chombo chake, akapanda, akashuka ile barabara ya murram, udongo mwekundu wenye kokoto, hadi darajani, akarudi. Liwe la lori, liwe la mkokoteni wa punda, ilikuwa lazima. La wilbaro alilisukuma kwa miguu, wilbaro ikiwa imejaa mawe. "Aliyeshona ndiye anavaa kwanza," alisema. Watu walimcheka, lakini walimletea matairi yao.

Yule mtu alikuja mwezi wa Oktoba. Familia yake ilikuwa na kahawa upande wa Ruiru, na sehemu ya kahawa hiyo ilikuwa imeng'olewa, pakajengwa mahema ya nailoni ya kukuzia maua ya kupelekwa Ulaya. Yeye ndiye aliyesimamia maua. Alikuwa na shingo laini, iliyokunjana kama ya mtoto mchanga, na aliongea akitazama juu ya kichwa chako kama anayesubiri mtu mwingine afike. Nyuma ya pikapu yake kulikuwa na pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu.

"Fundi, umewahi ona kitu kama hii?"

"Naona, mkubwa. Naona ni kama pikipiki imeolewa na trakta."

Alicheka, na hapo akamwangalia baba usoni kwa mara ya kwanza. "Hii ni ya kupanda vilima vya mchanga. Disemba mimi na marafiki tunaenda nayo pwani, mbele ya Malindi huko. Lakini na hizi tairi inazama. Niliijaribu kwa mchanga wa kujenga pale shamba, ikajizika kama fuko."

Alitoa kijitabu cha picha kutoka Marekani, chenye matairi ya kila aina, na kukitupa juu ya kompresa ya kujazia upepo. Kuagiza kungechukua miezi, alisema. Yeye mwenyewe alikuwa amekifungua akachoka. Baba achague lile linalofaa, kisha atengeneze la kufanana nalo.

"Kizungu hiyo ni ya huyu," baba alisema, akinionyesha kwa kidevu.

"Sawa, madam atasoma." Kisha, pikipiki ikiwa imeshushwa na kuachwa bandani, huku akipanda gari akasema lile neno. "Fundi wangu wa tairi pale shamba amerudi kwao. Nyumba yake iko tu, ya mawe, juu huko kwenye hewa. Ukinifanyia hii kitu poa, mnahamia. Wewe na mama yao."

Mama alikuwa kizingitini akichambua maharagwe. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Aliangalia kiwanda, kisha akaangalia upande wa Ruiru, ambako kutoka pale hakuna kinachoonekana ila ukuta wa jirani.

Tulisoma siku tatu, mimi na baba, vichwa vikiwa karibu kugusana. Yale matuta ya mpira kitabu kiliyaita kwa neno la watu wa mitumbwi, makafi. Baba hakuwahi kuona mtumbwi. Alisogeza picha mbele ya macho, akairudisha nyuma, akasema, "Haya ni mabeleshi." Basi yakawa mabeleshi.

Kulikuwa na tairi la mabeleshi manane, la kumi, la kumi na mawili. Kulikuwa na yaliyonyooka, yaliyokunjwa katikati kama kiwiko, na yaliyobonyea kama kijiko. Baba alitaka yale mengi kabisa. Maisha yake yote alikuwa amepigana na matope, na ule udongo mweusi wa Juja unaomeza lori hadi ekseli ulikuwa umemfundisha kwamba tairi ni taya. "Weka meno mengi," alisema. "Meno hayajawahi kumdhuru mtu."

"Kitabu kinasema injini ndogo haiwezi kubeba mengi, baba. Itachoka."

"Kitabu kimeishi wapi?"

"Kwenye mchanga."

Alifikiri. Kisha akachukua beleshi letu, mwiko wa ugali na sahani ya bati, akaniita, tukaenda kwa jirani aliyekuwa akijenga. Kulikuwa na chungu ya mchanga wa mtoni. Baba alisukuma ule mchanga kwa makali ya sahani, ukamwagika pembeni. Akasukuma kwa mwiko, ukapita juu. Akasukuma kwa beleshi, taratibu, na mchanga ukatulia ndani ya ule mbonyeo kama mtu aliyeketi. Alirudia mara nyingi. Wajenzi waliacha kazi.

"Mzee, unapika nini hapo?" mmoja akauliza.

"Napika nyumba," baba akajibu, hata bila kuinua kichwa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Maitu, matope unayauma. Mchanga unauteka. Kama maji."

Nikamwangalia mtu huyu ambaye hakuwahi kuona bahari, aliyekuwa amelifikia kafi kwa kupitia sahani ya bati, na moyo wangu ukajaa. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine ninayoyakumbuka yananitia kinyaa.

Tulichagua manane, yaliyobonyea na kukunjwa kidogo katikati. Yangewekwa kwenye magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele yangenyolewa yawe laini, yaachiwe mstari mmoja katikati kama uti wa mgongo, ili chombo kishike njia. Baba alichora yote kwa makaa kwenye bati la ukuta. Mama alikuja akasimama mbele ya mchoro huku amejifunika mdomo kwa leso.

"Na ikizama?" aliuliza.

"Tairi hili halizami."

"Mimi sikuulizi tairi."

Siku ya nne yule mtu alipita kuona tumefika wapi. Ilikuwa saa tano, upepo umeshageuka. Alisimama katikati ya banda akiwa amebana pua kwa vidole viwili, na katika mkono ule mwingine alikuwa na yai la kuchemsha alilonunua barabarani, limepasuliwa na kujazwa kachumbari.

"Mnaishi aje hapa, jameni? Kunanuka kama kitu imekufa."

"Tumezoea, mkubwa," baba alisema, na akatabasamu. Lile "mkubwa" nililisikia kama unywele ulimini.

Aliachilia pua ili aweze kula. Alikula huku anaongea. Chembe za kiini zilimshika kwenye pembe za mdomo, zikapanda na kushuka na maneno yake, za njano, zenye unyevu. Nilikuwa nimeshika kijitabu, nimebakisha ukurasa wa mwisho. Alikichukua mkononi mwangu bila kuomba, akakiweka juu ya kompresa, kisha akaliweka yai lake juu ya ule ukurasa kama juu ya sahani, apate kufuta jasho. Alipoliinua, kiini kilibaki. Alikisugua kwa kidole gumba, akakieneza, akakilamba kidole, na kwa kidole hichohicho akafungua ukurasa nyuma na mbele akitafuta tairi tulilochagua. Nilisikia mate yakijaa chini ya ulimi. Kiwanda cha ngozi hakijawahi kunifanyia vile.

"Hii? Sawa tu," alisema, akaondoka.

Nilikichukua kijitabu kwa kucha mbili na kukifunga.

"Umemaliza kusoma?" baba aliuliza.

"Nimemaliza."

Kazi ilichukua majuma mawili. Baba aliyanyoa matairi yale hadi yakang'aa kama vichwa vya watu waliofiwa. Alipata kipande cha mkanda mpana wa mpira kutoka machimbo ya mawe ya Juja, akakata mabeleshi kumi na sita, manane kwa kila tairi. Alisugua, akapaka gundi, akabana kwa vyuma, akapika kila moja juu ya makaa kwa kipimo alichokijua kwa pua peke yake. Moshi wa mpira ulikuwa mzito, mtamu kwa namna mbaya, na uliacha masizi puani mwetu na kwenye chai. Mama alihamia kwa jirani mchana kutwa. Aliporudi jioni alikohoa hadi akashika ukuta, lakini sikumsikia akilalamika. Aliuliza tu, "Yamebaki mangapi?"

Yalipokamilika yalikuwa mazuri. Sijui neno lingine. Baba alibingirisha moja sakafuni na mabeleshi yakaja moja baada ya jingine, yamebonyea sawasawa, kama viganja vinavyoomba.

Jumamosi asubuhi baba alivaa koti lake la kanisani. Alijaza upepo kidogo tu, kama kitabu kilivyosema. Akafunga matairi, akapanda ile pikipiki nyekundu, akaielekeza mtoni.

Kinyozi wa jirani alitoka na mashine yake mkononi. "Mzee, hiyo ni gari ama ni jembe?"

"Ni gari ya kwenda Ruiru," baba alisema.

"Basi tulimie barabara ukipita. Kaunsela amekataa."

Akawasha. Tangu mwanzo sauti haikuwa sauti ya tairi. Ilikuwa ta-ta-ta-ta, ya mtu anayepigwa makofi. Baba alitetemeka mwili mzima, mashavu, koti, kofia. Niliona meno yake yakigongana. Watu walitoka vibandani. Alikuwa hajafika kwa mwenye duka la unga wakati beleshi la kwanza lilipong'oka, likaruka juu ya ua, likatua ndani ya beseni la mama mmoja aliyekuwa akikata mboga za sukuma.

"Fundi," yule mama aliita kwa utulivu, akilining'iniza hewani kwa ncha ya kisu, "kiatu yako imeanguka hapa."

Angesimama pale angebaki na kumi na tano, na jioni ile angelibandika lile moja. Mtu mwingine angesimama. Lakini baba aliamini kwamba tairi linaloonja barabara lazima liimalize, kwa maana ukilirudisha njiani hutajua kamwe lilikuwa na ugonjwa gani. Basi akaenda hadi darajani kama alivyokwenda na malori na punda na wilbaro, akageuza, akarudi, na kokoto zikayang'oa mabeleshi yake moja moja. Vijana waliyakusanya na kuyavaa miguuni na kutembea kama bata. Mmoja alilishika kinywani kama ulimi. Kila mtu alicheka, na mimi niliwaona wote kwa mara ya kwanza hadi ndani ya midomo yao, ufizi, meno yaliyooza, mate, na nikatamani kiwanda kile kifungue milango kiwameze.

Baba alifika bandani na mabeleshi mawili. Alizima injini. Koti lilikuwa jekundu kwa vumbi. Alichukua gunia, akarudi barabarani kwa miguu, akaokota vipande vyake. Mama alikuwa dirishani. Alilifunga, ingawa haikuwa imefika saa nne.

Nilikwenda kwenye kijitabu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umegandana na jalada. Niliubandua, nikakwangua kile kiini kilichokauka kwa ukucha, nacho kikaingia chini ya ukucha, na chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo. Ulisema matairi haya ni ya mchanga pekee. Ulisema yasiendeshwe kamwe kwenye ardhi ngumu, kwa kuwa yatapasuka na kung'oka.

Nilimsomea baba aliporudi. Alisikiliza hadi mwisho na gunia begani.

"Uliniambia umemaliza."

"Alikuwa ameweka yai hapo, baba. Nilishindwa kuligusa."

"Yai," alisema. Alilitamka kama jina la ugonjwa ambao daktari amemtajia na hajui unaua baada ya muda gani. Hata sauti hakuishusha, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Yule mtu alikuja Jumanne. Baba alikuwa ameshatayarisha maneno yake na kuyapanga, niliyasikia akiyasema peke yake chooni. Aliweka gunia miguuni pa mgeni na kueleza yote: mto, desturi, kokoto. Hakunitaja mimi.

"Ngoja," yule mtu alisema. "Ulizipeleka kwa barabara?"

"Hadi darajani, mkubwa."

"Za mchanga?"

"Kila tairi langu huenda mtoni kwanza."

Kicheko kilianza kwenye ile shingo, mikunjo ikitetemeka, kikapanda. Alishika nguzo ya banda. Alilia machozi. "Na ulirudi nazo? Ulienda mpaka daraja na ukarudi?" Akamfanya baba asimulie tena tangu mwanzo, na tena pale penye beseni la sukuma. Alipopata pumzi baba aliuliza, kwa heshima, kama angepewa muda ayapike upya kabla ya safari.

"Safari gani? Aah, ile. Hiyo ilikufa kitambo. Mmoja wetu anaoa."

Ilikuwa imekufa kitambo. Mama alikuwa amekohoa majuma mawili ya moshi kwa safari iliyokwisha kufa, na mtu huyu alikuwa amepita barabara yetu mara ngapi sijui bila kupunguza mwendo atuambie.

"Lakini umenifurahisha, mzee," alisema, akipangusa macho. "Kuja Ruiru. Lazima hawa marafiki zangu wakuone."

Kwa hiyo tulipata nyumba.

Ilikuwa ya mawe, kweli, na juu, kweli. Nyuma yake kulikuwa na kahawa iliyosalia, na ilipochanua ilinukia hadi ndani ya sufuria. Siku za kupuliza dawa za maua tulifunga madirisha, lakini hizo hazikuwa nyingi. Mwezi wa tatu nilimsikia mama akiimba akifua. Nilisimama nje na ndoo, nikingoja kikohozi kikate wimbo pale kilipokuwa kikikata. Hakikuja. Akamaliza ubeti, akaanza mwingine.

Baba alifanya kazi ya matrekta siku sita. Siku ya saba, baada ya kanisa, aliitwa kwenye veranda ya nyumba kubwa. Marafiki walikuwa pale na nyama na chupa. Tairi moja lilikuwa limetundikwa ukutani, lenye mabeleshi yake mawili yaliyobaki, kama kichwa cha swara. Baba alisimama chini yake akasimulia. Mwanzoni alisimulia kama shahidi. Baadaye alijifunza mahali pa kunyamaza. Alijifunza kutetemesha mashavu. Aliongeza mbwa. Nilipomwona mara ya kwanza akitembea kama bata, akiwa na beleshi chini ya kila mguu, nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikatapika.

Nilimwambia mama. Alikuwa akikunja shuka.

"Wanamcheka kama nyani, mama. Kila Jumapili."

"Najua. Wakianza nasikia hata nikiwa hapa."

"Na unanyamaza."

Alilileta lile shuka puani mwangu, akalibana hapo. Lilinukia jua na sabuni, hakuna kingine. "Nusa vizuri," alisema. "Halafu uniambie nimwambie nini."

Barua ya chuo ilifika Agosti. Jumapili kabla sijaondoka, baba alituma niitwe kwenye veranda. Niliwakuta wameketi, midomo inang'aa mafuta. Mezani kulikuwa na nyama, na sahani ya mayai yaliyochemshwa na kumenywa, yakitoka jasho. Baba alikuwa amefika mwisho wa hadithi yake, na alikuwa ameiongezea mwisho mpya. Alinipa kile kijitabu.

"Huyu ndiye msomi wangu," aliwaambia. "Maitu, wasomee ule mstari."

Nilimtazama. Kwa miezi yote ile hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu mimi na ukurasa ule, na hata sasa hakuwa amewaambia. Kwao ulikuwa mstari tu uliofichika. Macho yake hayakuwa na kinyongo. Yalikuwa na haraka, ya mtu ambaye wasikilizaji wake wameanza kupoa. Kule chini, kwenye kamba iliyo kati ya miti ya kahawa, mama alikuwa akianika nguo, mikono juu, kifua wazi.

Nilifungua. Lile doa la njano lilikuwa bado pale. Nikausoma kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti nzuri niliyofundishwa shuleni, nikasimama kidogo kabla ya neno la mwisho kama baba alivyokuwa akifanya. Walicheka hadi mmoja akapigapiga meza.

Mwenye nyumba alichagua yai moja kwa vidole vyake, akalipaka chumvi, akanipa. "Kula, madam. Umefanya kazi."

Baba aliniangalia. Nikalila lote.